Mashine Yangu na Mafuta ya Kukaangia

Jumatatu, 4 Machi
Bwana afya kapita. Kasema moshi wa mashine yangu ya kusaga umezidi. Ijumaa anakuja kuupima, usipopungua, anafunga. Najua nani kapeleka maneno: shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwenye cherehani hapo jirani. Eti namchafulia mashati ya wateja.
Sitishiki. Kantini ya chuo wanamwaga mafuta ya kukaangia. Nitayageuza dizeli. Mke wangu kauliza nimejifunzia wapi. Nimejifanya sijasikia.

Jumanne, 5 Machi
Fundi mitambo kanielekeza: pasha mafuta, changanya na spiriti na soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, acha yatuame. Juu yametoka ya dhahabu, chini uji mweusi. Kasema sasa niyaoshe kwa maji siku mbili, sabuni yote itoke. Siku mbili! Mimi si dobi.

Jumatano, 6 Machi
Nimeyamimina hivyo hivyo. Mashine imewaka mara moja, moshi hauonekani. Mtaa mzima unanukia jikoni. Wateja wawili wameuliza chakula kinauzwa wapi. Nimepita mbele ya cherehani ya shemeji mara sita.
Saa nne mashine ikakohoa, ikazima. Chujio limejaa sabuni. Magunia kumi na moja kwenye foleni, na wenyewe si watu wa kunyamaza.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kabadilisha chujio. Mafuta yaliyobaki kayaosha mwenyewe tangu jana, akayachanganya nusu kwa nusu na dizeli ya kawaida. Nimesaidia kwa kumshikia tochi, ingawa ilikuwa mchana.
Naogopa. Mashine hii ndiyo inayotulisha, na sijui kazi nyingine. Mke wangu kasema mambo yatakaa sawa. Nimemwamini kidogo.

Ijumaa, 8 Machi
Bwana afya kaweka kipimo kwenye bomba la moshi. Kasoma, kafuta miwani, kasoma tena. Nimepita! Nguvu imepungua kidogo, debe linachelewa dakika moja, lakini hatufungwi. Nimemkumbatia fundi na grisi yake yote.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaja kwa adabu zote. Umeme unamsumbua, ana sare za shule za kumaliza Jumatatu. Kaomba dumu moja la mafuta yangu kwa ajili ya jenereta yake ya dizeli. Nimekubali mbele ya dada yake, kifua mbele.
Fundi kasafiri, ila simhitaji, mafuta mapya nimeyapika mwenyewe. Kuosha siku mbili haiwezekani, leo kuna mpira. Jenereta yenyewe ndogo, haitajua tofauti.