Kamati ya Kuondoa Nyuzi

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba Kamati ya Kuondoa Nyuzi, ambayo mimi, Clive Pettifer, ni mwenyekiti wake, imekamilisha kazi yake ya kihistoria hapa Slough, Uingereza. Ule mchezo wa televisheni wa vikaragosi wanaochezeshwa kwa nyuzi na kurusha roketi, kipenzi cha taifa tangu mwaka 1964, umetengenezwa upya kwa kompyuta. Hakuna uzi unaoonekana. Tumehakiki mara tatu.

Walibaki vikaragosi wenyewe. Niliingia chumbani walimotundikwa, mkononi nina hati ya kuwachoma. Nikamkuta Bi Mavis Tranter, aliyewachezesha tangu akiwa msichana, akimfuta Kapteni, kikaragosi mkuu, vumbi la puani huku chai yake ikipoa.

"Nasikia unataka kuwachoma."

"Si kuwachoma, Bi Mavis. Ni kuwastaafisha kwa njia ya joto."

"Clive, koma! Hawa nimeishi nao muda mrefu kuliko nilivyoishi na mume wangu. Ukitaka kuwachoma, anza na mimi."

Mimi ni mtu wa haki. Niliamua kuwaonyesha wapenzi mia mbili wa mchezo kipindi kipya, kila mmoja ajaze fomu. Wakiridhika, vikaragosi tanuruni. Ili kuwaelekeza, nilijirekodi nikitoa hotuba ya ufunguzi ya dakika kumi na moja.

Jumamosi walipanga foleni kwenye mvua bila kunung'unika, wakatazama, wakajaza. Mkuu wa Bodi inayosimamia Kamati yetu, Bi Ottoline Garside, akatusomea majibu.

"'Roketi safi. Kapteni anatembea vizuri mno, hata hatumjui. Ila yule wa mwanzo, mwenye tai, jamani! Mdomo uko huku, maneno kule. Hapepesi macho. Kompyuta yenu bado.'" Akageuza karatasi. "Mia moja na tisini wameandika hivyo. Wengine wanauliza nyuzi zake ziko wapi."

Nilifafanua kwamba yule nilikuwa mimi. Bodi iliujadili ufafanuzi huo kwa dakika nne, wengine wakiwa wamejifunika leso usoni.

Hotuba sasa itatolewa na Kapteni wa mbao, akichezeshwa na Bi Mavis. Hati ya kuchoma niliichana mwenyewe, kwa hiari yangu, baada ya kuagizwa. Ofisi yangu amepewa Kapteni, kwa kuwa ana wageni wengi, nami nimehamishiwa chumba cha nyuma, kile cha vikaragosi.

Bi Mavis alinipokea vizuri. Alinionyesha ndoano ya Kapteni, iliyobaki wazi.

"Tundika koti lako hapo, mwanangu," alisema. "Halafu kaa, tuanze na kupepesa macho."