Mita Mbili Zilizonianika

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Taifa ya Kudhibiti Ugonjwa wa Mlipuko.

Nakala: Mhariri, ukurasa wa Maoni ya Wasomaji (aichape yote au aiache yote).

Yah: Kuanikwa hadharani kwa sauti yangu kutokana na agizo la mita mbili

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umevaa barakoa na umenawa. Mimi ni karani wa masjala katika halmashauri, mtu wa mafaili na mihuri, na tangu ugonjwa huu uingie nimekuwa nikifuatilia mjadala kuhusu serikali yetu. Ofisini, saa ya chai, tuko kambi mbili. Wanaokaa dirishani wanasema mlifunga mno. Wanaokaa karibu na birika wanasema hamkufunga vya kutosha. Wanabishana mpaka chai inapoa. Wanataja shule, masoko, hospitali na mipaka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja sauti ya nne. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka kumi na tisa nimeimba besi, yaani sauti ya nne, katika kwaya ya wafanyakazi wa halmashauri. Tulikuwa wanaume wanane, tumebanana kama mafaili kabatini, nami nikisimama nyuma ya bega la dereva wa greda, ambaye kwa ukubwa wa kifua chake tunamwita Radi. Radi akifungua kinywa, nafungua. Akifunga, nafunga. Nilikuwa nimetulia zangu. Kisha Kamati yako ikaagiza waimbaji wasimame mbalimbali, mita mbili kati ya mtu na mtu. Mheshimiwa, kabla ya kutoa agizo hilo, mlifanya utafiti kujua ni nani atakayeonekana humo katikati? Nilionekana mimi.

2. Siku ya kuzindua matangi ya kunawia mikono, bwana afya alichora maduara ya chokaa uwanjani. Nikapewa namba kumi na moja, jirani kabisa na kipaza sauti. Wimbo ulitoka kwenu: "Tunawe, tunawe, tujikinge." Wenzangu walinawa pamoja, mimi nikanawa peke yangu. Mwalimu wa kwaya alishusha mikono, akageuza shingo kama mtu aliyesikia bati likiburutwa.

Naomba ujue pia kwamba mke wangu anaimba sauti ya kwanza. Miaka yote, tukirudi kutoka mazoezini, hunilalamikia, "Kuna mtu huko kwenu analia kama bawaba ya mlango," nami humjibu, "Hata mimi namsikia, mama." Siku hiyo aliniangalia juu ya barakoa, macho tu. Sijawahi kuona macho yakitamka "Kumbe ni wewe, Baba Mapacha!" kwa ufasaha namna ile.

3. Muuguzi wa zamu alinijia mbio. Yeye hakusikia wimbo. Alisikia mtu anayekosa pumzi. "Kaa chini, baba, usiongee." Nikamwambia siongei, naimba. Akasema, "Wote huanza hivyohivyo." Nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa mbele ya mgeni rasmi, wananchi wakinipungia mikono waliyoinawa muda si mrefu. Kwenye fomu, palipoandikwa "Dalili", muuguzi alijaza neno moja: Sauti.

4. Niliwekwa karantini siku kumi na nne katika bweni la chuo cha ufundi. Siku ya tatu majibu yakatoka: sina ugonjwa wowote. (Utaratibu ni utaratibu, nikakaa zote.) Mheshimiwa, hapo ndipo mliponimaliza. Mgonjwa angesamehewa. Mimi mzima wa afya, ningejitetea kwa lipi?

5. Nikiwa humo bwenini nilipiga simu redioni, kwenye kipindi cha kujadili kama serikali imefanya ya kutosha. Mtangazaji alinisikiliza kwa upole, akaniomba niimbe kidogo ili wasikilizaji waamue wenyewe. Nikaimba. Akasema mtandao una hitilafu. Mtandao ulikuwa mzima; nilimsikia akihema. Nasikia siku hiyo ofisini wa dirishani na wa birika walikubaliana kwa mara ya kwanza: nisiachiwe mapema.

6. Kila jioni mke wangu aliniletea chakula, akasimama nje ya uzio na kuniimbia mstari wa besi polepole, kama mtoto anavyofundishwa kuhesabu. "Shuka. Shuka tena. Hapo hapo, baki, usizurure." Siku ya kwanza nilinuna. Siku ya tano mlinzi wa geti alikuwa ameujua. Siku ya kumi na mbili nilishuka, nikashuka tena, nikabaki. Mke wangu alishika waya wa uzio, akasema, "Umechelewa, lakini umefika." Hili nalo naliwasilisha kama lalamiko. Nimelazimishwa kujifunza kuimba nikiwa na miaka hamsini na miwili, ilhali nilikuwa mwimbaji tayari.

Kwa hiyo naomba agizo la mita mbili lifutwe, na waimbaji wabanane kwa mujibu wa sheria. Atakayeacha upenyo ashtakiwe. Naomba pia serikali itangaze rasmi kwamba sauti iliyosikika uwanjani ilikuwa ya jenereta. Na jenereta hilo nalo likae karantini siku kumi na nne, ili haki ionekane imetendeka.

Nisalimie wajumbe wote wa Kamati, wahudumu na madereva wao, na hasa yule anayetusomea takwimu kila jioni. Mwambieni avute pumzi kati ya wilaya moja na nyingine; anatutisha kuliko takwimu zenyewe.

Wako katika utii usio na kelele,

Karani wa Masjala
Sauti ya Nne, Duara Namba Kumi na Moja

Baada ya kusaini: Barua hii imelala mezani kwangu siku nne kwa kukosa wino wa muhuri, nanyi mkafuta agizo bila hata kunisubiri. Jana tulifanya mazoezi bega kwa bega. Nilishuka, nikashuka tena, nikabaki. Mwalimu akatabasamu, halafu akashusha mikono na kugeuza shingo. Safari hii kwa Radi. Nilitega sikio. Mheshimiwa, anaimba vilevile nilivyokuwa nikiimba mimi, kosa kwa kosa! Wakati wa mapumziko aliniambia kwa haya, mtu mzima yule, kwamba miaka yote kumi na tisa alikuwa akinifuata mimi: "Nilikuwa nakusikia hapa sikioni, nikajua huyu ndiye anayejua." Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Alhamisi Radi anakuja kwetu kufundishwa. Yeye atakaa barazani, sisi tutakaa sebuleni, dirisha wazi. Mpaka atakapoiva, nakuomba urudishe agizo haraka, na kwa upande wake liwe mita tatu.