Pampu Mbili na Pipi za Jirani

Jumamosi, 5 Julai. Musoma.

Likizo! Cherehani nimeifunika, baiskeli nimeipaka grisi. Kesho Butiama, keshokutwa Bunda, Jumanne Kisorya mpaka kivukoni. Wenzangu wa msafara wana miguu tu. Mimi nina miguu, nina kisukari, na nina pampu ya insulini kiunoni, mashine inayolia sukari ikishuka, zawadi ya kaka yangu wa Muscat. Nimechomekea shati ili ionekane. Muuza sambusa kaniuliza kama siku hizi niko usalama. Sikukanusha.

Hasna, mke wangu, kanipa ruhusa kwa sharti: sukari ikishuka hata mara moja, anakuja kunichukua mbele za watu. Daktari naye kasema nipunguze insulini kabla ya kuendesha, na pipi zisikae mbali nami. Kupunguza nitapunguza. Lakini pipi! Mtu wa sukari akionekana na pipi mji huu, hata asiyemjua atamnyang'anya na kumhubiria.

Nimepata dawa. Nimezitia zote kwenye mkoba wa Khalidi, chini ya kandambili zake. Khalidi ni seremala, jirani yangu, ataendesha ubavuni mwangu njia nzima. Zikionekana, aibu ni yake. Akili hizi sijui nimezirithi kwa nani.

Jumapili, 6 Julai. Butiama.

Mwalimu Jenipher, aliyepanga safari, alitangaza asubuhi: atakayetangulia kufika kwa shangazi yake hapa Butiama atapewa filimbi na kuongoza msafara kuingia Kisorya. Filimbi! Niliiona shingoni mwangu kabla hajamaliza kusema.

Wa kuchunga ni Khalidi, ana mapaja ya kubeba magogo. Tulipopumzika Makutano nikamlegezea valvu ya gurudumu. Kidogo tu. Pampu ya baiskeli ya msafara ni moja, na ipo kwangu. Nikatimua mbio.

Raha iliyoje! Niliwapungia mkono wachunga ng'ombe wote. Kwenye mlima mashine ikaanza kulia: sukari inashuka. Nikaingiza mkono mkobani kutafuta pipi. Ndipo nilipokumbuka. Khalidi ana sukari yangu, mimi nina upepo wake.

Nikakaa juu ya jiwe. Jasho la baridi likanitoka. Niliogopa, sifichi. Akatokea mama na kikapu cha ndizi mbivu, akauliza kinacholia ni nini. Ningesema nimezidiwa. Nikasema ni mashine ya kisasa ya watu wa sukari, imetoka Uarabuni, mkoa huu hakuna nyingine. Kisha nikaomba ndizi moja, kwa heshima zote. Mama akafunika kikapu kwa khanga. Akasema marehemu mume wake alikuwaga na sukari, na watu wa sukari hawapewagi ndizi mbivu, asije akaua mtoto wa watu. Nikabembeleza. Akahamishia kikapu ng'ambo ya barabara.

Khalidi akafika akisukuma baiskeli kwa mkono, Jenipher akimsindikiza. Anatafuna! Eti jirani, mke wake kamtilia pipi kwa siri, hakujua anapendwa hivyo, amezila toka Makutano. Nikampokonya zilizobaki. Mama akapiga yowe kwamba wananiua. Jenipher akamweleza taratibu kuwa sukari ikishuka, dawa yake ni sukari.

Nikiwa bado nafyonza, Jenipher akamalizia mlima akafika wa kwanza. Filimbi yake. Na mama wa ndizi, kumbe ndiye shangazi mwenyewe, Mama Dafroza! Usiku huu nimelala kwake.

Hasna alipopiga simu sukari ilikuwa imetulia vizuri. Nikamsomea kipimo. Sikusema uongo hata neno moja.

Jumatatu, 7 Julai. Bunda.

Mama Dafroza kaniomba radhi kwa kunifungia mkungu mzima wa ndizi. Niligawa njiani. Mtu wa hadhi yangu haingii Bunda na mkungu.

Leo nilipunguza insulini mapema, nikala vizuri, mashine haikulia kabisa. Nani mwingine angeweza? Khalidi kaahidi hatamwambia Hasna kitu. Kisha akashangaa valvu ililegeaje. Nikamwambia ni joto la lami. Akanishukuru. Nikaona haya kidogo, yakapita.

Nimenunua pipi nyingine. Nimemwambia muuzaji ni za watoto.

Jumanne, 8 Julai. Bunda, kabla ya kuondoka.

Kosa la Butiama nimelichambua hadi mzizi. Kosa lilikuwa Khalidi. Pipi hapewi mtu wa kuachwa nyuma! Basi nimezitia kwenye mkoba wa Jenipher, ambaye ana kasi kuliko sisi wote. Zitakuwa karibu nami mpaka Kisorya.

Imebaki filimbi. Kivukoni watu watakuwa wamejaa, na siwezi kuingia pale nyuma ya filimbi ya mwingine. Kiongozi akiachwa njiani, lazima aikabidhi. Kwa hiyo Jenipher nimemlegezea valvu. Kidogo tu.

Pampu zote mbili ninazo mimi.