Ombi la Kuondoa Seva za Akiba kwenye Ruta ya Marlys

Kwa Ndugu Lowell Brekke,
Mwenyekiti, Ushirika wa Intaneti, Vang Prairie, Minnesota.

Salamu nyingi, na pole na theluji. Mimi Verlyn Aasgaard, mwanachama mtiifu, namlalamikia fundi wenu Darcy. Aliingia kwa jirani yangu, Bi. Marlys Tollefson, akaiwekea ruta yake seva mbili za akiba za DNS. Eti seva ya kwanza, ile inayoitafutia ruta anwani za tovuti, ikinyamaza, inaulizwa ya pili. Nayo ikinyamaza, ya tatu. Tangu siku hiyo intaneti ya Marlys haijakatika. Ndugu Mwenyekiti, mmeniharibia.

1. Zamani seva yenu ilizimika kila wiki, Mungu awabariki. Marlys alinipigia simu: "Verlyn, limegoma tena hili dude, njoo bwana!" Nilikwenda, nikachomoa waya, nikanywa kahawa, nikarudisha waya, na intaneti ikarudi. Mgane kama mimi, niliyefiwa na mke, atamtembeleaje mjane bila sababu? Wewe ni mtu wa hapa, unajua haiwezekani. Lazima kitu kiharibike kwanza.

2. Ruta yenyewe haina adabu. Sisi tukikaribishwa pai tunakataa mara ya kwanza, tunakataa ya pili, na ya tatu ndipo tunasema, "Haya, kipande chembamba tu." Hayo ndiyo malezi. Ruta hii ikinyamaziwa kidogo tu, mbio kwa mwingine!

3. Mfano mbaya huambukiza. Leo seva za akiba, kesho kanisa litaweka mchungaji wa akiba, ashike mimbari mara yule wa kwanza akikohoa. Na Marlys anajifunza nini? Jirani mwingine, Gene Sorby, ameshaanza kumsafishia theluji mlangoni bila kuombwa. Roho inaniuma, nasema wazi.

4. Hivyo naomba seva za akiba ziondolewe, na ile ya kwanza izimwe kila Alhamisi alasiri. Ikishindikana, niandikwe mimi kwenye ruta badala ya seva ya pili. Naishi nyumba ya jirani na simu yangu haizimwi.

Nisalimie mkeo Joyce, wajumbe wote, na Darcy pia. Hana kosa, ni ujana tu.

Wako katika kuchomoa na kuchomeka,
Verlyn Aasgaard

N.B. Usiguse kitu! Nikiwa nabandika stempu, Marlys amebisha hodi, theluji magotini. Nikamuuliza nini kimeharibika. Akasema, "Hakuna! Kwani wewe mpaka kitu kife ndiyo uje? Mwezi mzima nakusubiri, mzee mzima!" Basi mtume Darcy aje aweke seva za akiba hapa kwangu pia, tena nyingi. Jioni tunatazama hoki pamoja kwenye intaneti yangu, na sitaki tukatizwe na hitilafu, fundi, wala jirani yeyote.