Sakafu ya Harusi ya Mtakatifu Yohana

Jumatatu, 19 Juni
Lindaura amerudi kutoka Belo Horizonte kwa wiki ya sikukuu. Mjane sasa. Nimemwona akinunua mikate ya jibini: mvi kichwani, kicheko kile kile cha 1981. Mwaka ule, katika harusi ya kuigiza ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, yeye alikuwa bibi harusi na Genésio bwana harusi. Mimi nilipiga pembetatu ya chuma nyuma ya wapiga kodiani.

Mwaka huu darasa letu la zamani ndilo linalocheza. Dona Zulmira, aliyetufundisha aljebra, sasa anaongoza kamati. Katangaza kwamba Lindaura ni bibi harusi tena, na atakayejenga sakafu ya kuchezea ndiye bwana harusi. Nikainua mkono kabla hajafunga kinywa. Genésio, siku hizi mwenye duka la dawa, akasema haya, mkubwa, chukua, mimi magoti yananisumbua. Mnafiki. Jana nilimwona akicheza peke yake nyuma ya kaunta.

Jumanne, 20 Juni
Mbao za parokia zinatosha mita za mraba 108, na Lindaura, mpangaji wa safu za wachezaji, anataka urefu uzidi upana kwa mita tatu. Genésio akanishauri nijaribu namba mbili tatu, moja itakubali. Kujaribu! Taifa linaoza hivi hivi tunaliangalia.

Upana ni x. x mara mabano, x jumlisha tatu, funga mabano, ni 108. Huo ni mlinganyo wa kipeo cha pili, na mlinganyo una kanuni yake, kanuni ya Bhaskara, tuliyoiimba darasani madirisha wazi, harufu ya maua ya kahawa ikitujia kutoka mlimani. Leo nimeiimba jikoni. Nimelia kidogo. Chini ya kipeuo nikapata 441. Kipeuo chake 21. Tatu jumlisha 21, gawa kwa mbili: 12. Jibu la pili ni hasi tisa. Nimelitupa. Nani amewahi kucheza juu ya upana hasi?

Upana 12, urefu 15.

Jumatano, 21 Juni
Fremu imesimama mbele ya kanisa, kubwa kama ndoto zangu. Dona Zulmira akaja na fimbo yake, akauliza kama nimerudisha jibu ndani ya mlinganyo. Nikamwambia nimelihakiki, Mwalimu. Kweli tupu. Nilitumia jaribio la tisa, alilonifunza marehemu bibi: jumlisha tarakimu, tupa tisa, tazama kinachobaki. 12 hubakiza tatu, 15 hubakiza sita. Tatu mara sita ni 18, hubaki sifuri. Na 108? Sifuri. Nani abishe?

Yeye akabisha. Alisema jaribio la tisa hukamata mwizi mjinga tu, mwerevu hupita akipunga mkono. “Rudisha jibu, mwanangu.” Uzee haumwachi mtu.

Ijumaa, 23 Juni
Mbao zimekwisha. Sakafu imefika katikati, kisha ni shimo. Madhabahu ya bibi harusi iko ng’ambo.

Nilipiga kelele kwamba parokia imeibiwa mbao. Watu wakaanza kumtazama Padri vibaya. Ndipo Dona Zulmira akaniuliza, mbele ya wote, kumi na mbili mara kumi na tano ni ngapi.

Mia na themanini, Mwalimu.

Na tulipewa mbao za mita ngapi?

Nikatazama shimo. Akasema nilisahau alama ya kutoa mbele ya tatu, kosa langu lile lile la zamani; upana ni tisa na urefu kumi na mbili. “Mimi nimestaafu, Evilásio. Wewe bado hujamaliza shule.” Lindaura alicheka mpaka akaketi kwenye fremu.

Wamebomoa. Genésio amejenga upya. Magoti yamepona ghafla.

Jumamosi, 24 Juni
Genésio bwana harusi. Mimi pembetatu.

Moto mkubwa, uji wa mahindi wenye mdalasini, Lindaura na madoa ya kuchora mashavuni, kama msichana wa shamba. Niliona miaka yote ikizunguka pale juu ya mbao, na kila mzunguko ulinipita.

Baada ya ngoma akaniletea kikombe cha pombe ya tangawizi ya moto. Akasema, “We mbishi, mwaka ule nilikusubiri wewe. Mwalimu alikwambia ukague jibu la mtihani tu, ungepita ukawa bwana harusi. Ukabishana naye mpaka kengele.” Mimi!

Akanikaribisha kahawa kwake, Belo Horizonte, Jumapili ya wiki ijayo. Akanitajia mtaa na namba ya nyumba, akaniambia niandike. Nikamwambia kichwa changu hakihitaji karatasi.

Jumapili, 25 Juni
Ameondoka kwa basi la asubuhi. Namba ya nyumba ni 36, au 63. Genésio anayo simu yake, lakini heri nife kuliko kumuuliza Genésio. Nimejumlisha tarakimu, nikatupa tisa. Zote mbili zinabakiza sifuri.

Basi, yoyote ni sawa. Nimeshapiga pasi shati.