Msalaba wa Shaba Nyuma ya Kitivo

Jumatatu, 9 Machi
Mvua. Somo langu, Historia ya Zama za Kati na Akiolojia: wanafunzi wanne. Mmoja alikuwa anatafuta darasa la jiolojia. Ng'ambo ya korido, mwenzangu Stéphane Kapya na somo lake la vita vya dunia: wanafunzi wamekaa hadi madirishani! Dekano, mkuu wa kitivo, Madame Régine, kaniambia wanafunzi wangu wasipofika kumi wiki hii, somo linafutwa. Miaka kumi na tisa ya kazi! Nimechoka.

Jumanne, 10 Machi
Wazo! Watu wa kale wa huku walizikwa na misalaba ya shaba. Mbuyi, fundi wa kuchomelea, kanitengenezea mmoja. Nimeupaka siki na chumvi, ukaota kutu ya kijani. Mzuri mno. Nusura niuamini.

Jumatano, 11 Machi
Nimeuzika alfajiri, nyuma ya kitivo. Jembe liligonga kitu kigumu. Nikapiga tena kwa nguvu, kikaachia. Mgongo umekwisha.

Alhamisi, 12 Machi
Nimetangaza mafunzo ya kuchimbua. Ishirini na watatu! Dekano kaja. Kapya pia, kuchungulia. Princesse Mutale, mwanafunzi wangu bora, kautoa msalaba. Vigelegele! Yeye kaugeuza, kaunusa.
"Prof, hii haiko ya zamani. Iko na alama ya mashini. Na inanuka siki."
Kapya kakohoa kwa raha. Nikakiri. Ningefanya nini? Hata mikono yangu ilinuka.
Princesse kaendelea kuchimba shimo lilelile. Katoa vigae vya chungu cha kale, chenye nakshi. Cha kale kweli! Kauliza nani amekivunja, maana mipasuko ni mipya. Nikatazama viatu vyangu.

Ijumaa, 13 Machi
Somo limebaki, kwa ajili ya vigae. Wanafunzi thelathini na mmoja. Mimi nimepewa barua ya onyo. Dekano kasema hanifukuzi kwa kuwa hakuna mwingine anayelitaka somo hili. Princesse ndiye anaongoza uchimbuaji, mimi nashika chekeche. Kanionyesha jinsi ya kusafisha kigae bila kukikwaruza. Taratibu, bila kucheka. Heri angecheka.

Jumamosi, 14 Machi
Natumwa kijijini Lukafu wiki ijayo, peke yangu, kukagua shamba moja kama lina vitu vya kale. Huko hakuna anayenijua. Nimejifunza: siki, hapana. Nimemuuliza Mama Bwalya, jirani yangu mfinyanzi, kama anaweza kunipatia chungu cha miaka mia saba.
Kasema Jumatatu kitakuwa tayari.