Mahari ya Datsun

Apollinarie alikuwa na jicho moja la kazi na jingine la kupumzikia. Siku hiyo alikuwa Kasokola, akitafuta kuku wa kienyeji kwa bei ya kuwadhulumu kuku wenyewe, ndipo jicho la kazi lilipoona kitu kikichungulia chini ya turubai, uani kwa watu. Ilikuwa pua ya gari. Haikuwa pua ya Noah, wala ya Probox. Ilikuwa ndefu, yenye kiburi, pua ya gari ambalo aliyelitengeneza hakuwahi kufikiria gunia la mpunga.

Msomaji asimhukumu haraka. Wapo waliojaliwa sauti ya kwaya, wapo waliojaliwa mbio. Apollinarie alijaliwa kujua thamani ya kitu kuliko mwenye nacho. Mpanda mjini walimwita Dokta, na pale Shanwe hadi leo yupo mtu aliyewahi kuuziwa na Dokta pikipiki yake mwenyewe, akashukuru kwa kupunguziwa.

"Hodi, mama! Hiyo takataka nani kawatupia?"

Dina alikuwa anamwogesha mwanawe kwenye beseni. "Si takataka, kaka. Ni gari la marehemu baba, mzee Felisiani. Aliachiwa na mzungu aliyekuja kutafuta dhahabu. Dhahabu akaikosa, malaria akaipata, akarudi kwao."

"Poleni. Msiba juu ya msiba."

Akafunua turubai, akapiga teke tairi, akashusha pumzi kama daktari anayetoka wodini na habari mbaya. Kifuani, lakini, ngoma zilikuwa zinapigwa. Datsun ya michezo! Milango miwili, usukani wa mbao, na hakuna fundi wa mtaani aliyewahi kuligusa kwa nyundo. Huko duniani watu waligombania gari kama hili kama pilau la msibani.

"Mama nani?"

"Mama Happiness."

"Mama Happi, nikwambie ukweli? Hiki ni chuma chakavu. Lakini kwa ajili ya huyu mtoto, natoa laki nane, nikusafishie uwanja."

Dina aliendelea kumfuta mtoto maji masikioni. Pale Shanwe, karibu na soko, palikuwa na nyumba ya vyumba viwili yenye uwanja, na mwenye nyumba alikuwa tayari kumuuzia. Humo Dina alitaka kulea watoto wa kina mama wanaouza sokoni, ili wasiwalaze tena chini ya meza za nyanya kama yeye alivyomlaza Happiness. Mwisho wa mwezi ukifika bila hela, nyumba inakwenda kwa mwenye baa aliyeitaka pia. Hakuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa hilo gari. Bei yake hakuijua. Laki nane aliijua: haitoshi hata uzio.

"Siuzi peke yangu, kaka. Mpaka shangazi."

Shangazi Tereza alitokea jikoni na ungo mkononi. Alimtazama mgeni, akamtazama tena, kama mtu anayechambua mchele wa mkopo.

"Kaka yangu Felisiani alikuwa na mabinti wawili," akasema. "Mmoja huyu Dina. Mwingine huyo chini ya turubai. Dina alitoka hapa kwa mahari, mkeka umetandikwa, wazee wamekaa. Na huyo atatoka hivyo hivyo. Uje Jumamosi asubuhi, na uje na adabu."

Apollinarie aliuma ulimi asicheke. Mahari ya gari! Watu wa namna hii, alijisemea, Mungu aliwaumba siku alipokuwa amefurahi sana.

Akaenda kumpigia mzee Manyanda wa Usevya. Manyanda alikuwa mfugaji wa Kisukuma mwenye ng'ombe wa kuziba barabara. Wenzake wote walikuwa na Land Cruiser, naye alitaka chombo ambacho mwenzake akikiona aulize jina.

"Milioni thelathini na tano, mzee. Gari ni langu, na hiyo ni kwa sababu nakuheshimu."

"Nitakuja na hela," alijibu Manyanda. "Ila sinunui ng'ombe kwa simu. Nilione."

"Jumamosi mchana, Kasokola. Limepumzika kwa ndugu zangu."

Kufikia mchana, alipiga hesabu, atakuwa ameshamaliza na wale wa mkeka.

Jumamosi alikuta mkeka kweli, na kina mama nusu ya mtaa. Datsun lilikuwa limefunikwa khanga tatu. Baba mdogo Antoni alikaa pembeni na kapu mapajani.

"Umeingia na miwani ya jua," alisema Antoni. "Faini elfu kumi."

"Ya nini tena?"

"Na kuuliza, elfu tano."

Akalipa. Akalipia na kufunuliwa kwa khanga, moja moja. Kisha akakohoa, akashika sauti yake ya biashara.

"Wazee wangu, kwa heshima zote, ile kutu ya pale chini—"

"Yesu wangu!" kina mama wakashika midomo. "Amemtukana mwali!"

"Elfu ishirini," alisema Antoni.

"Jamani, nilimaanisha umri umekwenda—"

"Elfu ishirini."

"Basi tuseme mlango wa kushoto—"

Kapu lilikuwa limeshamfikia kidevuni. Ikawa kila alipofungua mdomo kushusha bei, mdomo ulipandisha gharama. Ukizoea kula kwa ulimi, kufungwa ulimi ni njaa.

Shangazi Tereza akamwonea huruma, au akajifanya. "Mwanangu, anayeposa hakosoi. Anasifu. Kama huna cha kumsifia, unamtakia nini? Au tumkaribishe mwingine?"

"Mwingine nani?" Apollinarie akaruka. "Kusifu tu? Nyie mnamjua mwali wenu kweli?"

Akasimama. Na hapa tuseme haki: mtu akiwa fundi ni fundi.

"Rangi hii ndiyo aliyozaliwa nayo! Hajapakwa ya pili! Injini ni yake, namba ya injini na namba kwenye kadi zinasalimiana kama mapacha! Kabureta zake mbili, zote za kwao! Wenzake wengi wamepasuliwa, wakawekewa injini za Corolla, wanatembea kwa aibu! Huyu? Huyu ametunzwa kama sadaka!"

Vigelegele vikapasuka. Vigelegele navyo ni pombe, na Apollinarie hakuwa na kichwa kigumu.

"Makubwa!" alisema shangazi taratibu. "Na wale wanaokusanya magari ya hivi, wakimpata mwenzake aliyekwisha kupambwa, wanatoa ngapi?"

"Arobaini na tano!" alipiga kelele mtaalamu.

Kina mama wakatazamana. Kuku nao wakatazamana.

"Milioni," alisema Antoni, polepole, kama anaonja mchuzi.

Apollinarie alitamani kuyarudisha maneno mdomoni kwa mkono. "Huyo ni aliyepambwa! Huyu bado. Simkosoi, naomba nisikilizwe, simkosoi! Nasema gharama ya kumpamba. Sakafu kuzibwa, breki, matairi, vioo vinaagizwa mbali, hiyo ni kumi na mbili. Kumsafirisha na makaratasi, nne. Na anayepamba naye ale saba kwa jasho lake."

"Hayo si matusi, ni hesabu," shangazi alikubali. "Toa."

Antoni akatoa kwa vidole, vyake na vya jirani. Dina alishamaliza zamani.

"Ishirini na mbili," alisema Dina.

"Ishirini na mbili," alirudia Apollinarie, kwa sauti ya mtu anayetapika kitu kizuri. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutaja bei ya haki mbele ya mashahidi, na ilimuuma kama jino. Lakini akajiliwaza: kwa Manyanda ni thelathini na tano. Bado kuna ulaji. "Nimekubali. Hela iko njiani."

Ilikuja kwa bodaboda. Mzee Manyanda alishuka akiwa na kofia pana, fimbo, na mfuko wa salfeti aliokuwa ameukumbatia kama mjukuu. Akaona mkeka, akaona khanga, akaona kina mama. Akavua kofia, akavua viatu.

"Mwadila!" aliwaamkia Kisukuma. "Kumbe ni posa! Wewe kijana, mbona hukuniambia? Ningevaa koti."

"Mzee, tusogee pembeni kidogo—"

"Kunong'ona barazani, elfu kumi," alisema Antoni.

Manyanda akaketi. Akainuka, akalizunguka gari, akapitisha kiganja kwenye ile pua ndefu kama anampima dume la mbegu. Alipokaa tena macho yalikuwa yanang'aa. "Mama, mshenga wangu ameongea vizuri?"

Uso wa shangazi ukafunguka kama dirisha. "Kumbe ni mshenga wako! Ameongea mpaka tumetaka kulia, baba. Tumepatana ishirini na mbili."

"Mzee," Apollinarie alikohoa, "ile ya kwenye simu ilikuwa pamoja na—"

"Kwetu," alisema Manyanda, "mahari anapokea mwenye binti. Sijawahi kuona ng'ombe wa mahari wakilala kwanza zizini kwa mshenga." Akafungua mfuko mbele ya Dina, akahesabu ishirini na mbili.

Dina alipokea kwa mikono miwili. Happiness, mgongoni, alikuwa anavuta uzi wa salfeti na kucheka, na mama yake hakumkataza.

"Na mshenga?" Sauti ya Apollinarie ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Mshenga ndiye mdhamini wa ndoa," alisema Manyanda. "Humpeleka mwali kwa mumewe. Na mwali akigoma, tunamwita yeye. Washa gari, kijana."

Walilisukuma wote. Likakohoa, likanguruma, likaondoka Kasokola kwa vigelegele, Dokta akiwa kwenye usukani, uso kama wa anayekwenda kuzika.

Vumbi lilipotulia, Dina aligeuka. "Shangazi, lini baba aliliita hilo gari binti?"

"Hajawahi. Aliliita mkweche."

"Na hiyo mahari?"

"Nimeianzisha mimi, hapo hapo na ungo mkononi. Nilimwona anapiga teke tairi huku anameza mate. Mwanangu, anayenunua takataka hamezi mate."

Siku hizi, ukipita Shanwe karibu na soko, utaona nyumba yenye mlango wa njano, na utawasikia watoto kabla hujaiona. Asubuhi moja Apollinarie alikuwa anapita hapo, jicho la kazi likiwa wazi, simu ikaita. Angeweza kutupa laini, lakini neno la Manyanda hufika kila mnada wa Katavi, na mshenga aliyekimbia ndoa hauzi tena hata kiberiti.

"Mshenga," ilisema sauti ya Usevya, "mwali amegoma. Yuko katikati ya tope na ng'ombe wanamshangaa. Uko wapi?"

Kutoka langoni Dina alimpungia mkono, mtoto wa mtu amelala begani kwake.

"Niko njiani, mzee," alijibu Apollinarie, na kwa masikitiko yake yote, ilikuwa kweli.